Nywele za kina Nefertiti: Lipi la kale, lipi la sinema?

KAMA wewe ni mwenyeji wa Nairobi, huna haja ya kuambiwa Soko la Kenyatta lina sifa gani kando na nyama choma. Hapo ndipo kina dada hufurika mwisho wa wiki, hasa sherehe zinapokaribia, ili wasukwe nywele. Ukiingia tu, wasusi wanakuita huku na huku, kila mmoja akikuonyesha picha za kazi yake ukutani au kwenye simu.

Miongoni mwa picha hizo hutakosa za mtindo unaoitwa wa Kimisri. Ni rasta nyembamba nyembamba, nyeusi ti, zilizokatwa sawasawa mabegani. Mbele nywele hushuka hadi kwenye nyusi, na huku na kule pameninginizwa vishanga na pete za rangi ya dhahabu. Wengine huuita mtindo wa Cleopatra, wengine wa Nefertiti. Mradi jina ni la malkia, bei nayo hupanda.

Ni mtindo wa kupendeza, na hakuna anayekatazwa kujipamba. Hata hivyo, kabla hujaketi kwenye kigoda kwa saa tano au sita na kumhesabia msusi pesa zako, yafaa ujue unanunua nini. Je, ni kweli wanawake wa Misri ya kale walijipamba hivyo? Na je, wana funzo lolote litakaloziokoa nywele zako wewe?

Jibu lake litawashangaza wengi. Yale tunayoyadhani kuwa ya Misri hasa, mengi yalitoka katika sinema. Na yale tunayoyaona ya kawaida mno, kama vile rasta za kuongezea, hina na mafuta ya kupaka kichwani, ndiyo yaliyokuwako Misri maelfu ya miaka iliyopita.

Cleopatra wa sinema

Tuanze na Cleopatra mwenyewe. Sura inayowajia watu wengi wanapolisikia jina hilo si yake, bali ni ya waigizaji wa kizungu. Mwaka wa 1934, Claudette Colbert aliigiza kama Cleopatra katika filamu iliyovuma sana. Mwaka wa 1963 akaja Elizabeth Taylor katika filamu nyingine ya jina hilo hilo, akiwa na wanja mzito na nywele nyeusi zilizokatwa mbele kwa mstari ulionyooka. Tangu hapo, ulimwengu mzima ukaamini kwamba hivyo ndivyo malkia huyo alivyokuwa.

Cleopatra halisi, aliyefariki mwaka wa 30 kabla ya Kristo, alikuwa wa ukoo wa Ptolemy, watawala wenye asili ya Makedonia waliokalia kiti cha Misri baada ya Alexander. Zipo sarafu za wakati wake zenye sura yake. Katika sarafu hizo, nywele zimegawanywa mafungu mafungu kutoka kwenye paji la uso kwenda nyuma, mfano wa mistari ya tikiti maji, kisha zikafungwa fundo kisogoni. Anayetaka kumfuata Cleopatra wa kweli, basi, amwombe msusi ampige matuta ya kurudi nyuma na kumfunga fundo. Hizo nywele za kufunika paji aziachie sinema.

Naye Nefertiti je? Sanamu yake maarufu ilifukuliwa na Wajerumani mwaka wa 1912 na leo imo Berlin. Itazame kwa makini. Amevaa taji refu la buluu na hakuna hata unywele mmoja unaoonekana! Hata hivyo taji hilo limezaa mitindo chungu nzima ya nywele za kusimama. Mwaka wa 1935, watengenezaji wa filamu ya kutisha ya Bride of Frankenstein walimsimamishia mhusika wao nywele kwa kuiga umbo hilo. Na mwaka wa 2018, Beyoncé alipanda jukwaani huko Coachella, Marekani, akiwa amejipamba kwa mfano wa Nefertiti.

Aidha, kaburi la mfalme kijana Tutankhamun lilipogunduliwa mwaka wa 1922, Ulaya na Marekani ziliingiwa na wazimu wa mambo ya Misri. Nguo, vipuli, hata viti vikachorwa nakshi za Kimisri. Wanawake ambao tayari walikuwa wameanza kukata nywele fupi wakapata kisingizio kipya. Ndipo nywele fupi nyeusi na Misri vikawa kama kidole na pete.

Je, yote basi ni uongo? La, hasha. Mgala muue na haki yake mpe. Nywele nzito zilizokatwa sawasawa zilikuwapo Misri, ila zilikuwa za enzi za mbali sana kabla ya Cleopatra, na mara nyingi hazikuwa nywele za kuota kichwani.

Wigi ndani ya sanduku

Katika sanamu ya bibi mmoja aitwaye Nofret, iliyochongwa yapata miaka 4,600 iliyopita na kufukuliwa Meidum mwaka wa 1871, siri hii iko wazi. Bibi huyo ameketi na mumewe Rahotep, kichwani amevaa wigi nene linalofika mabegani. Lakini ukitazama paji la uso wake, utaziona nywele zake halisi zimechungulia chini ya wigi, zimegawanywa katikati na kulazwa vizuri. Fundi aliyemchonga hakuona aibu kuonyesha kwamba bibi wa watu amevaa nywele bandia.

Kwa matajiri wa Misri, wake kwa waume, wigi lilikuwa vazi kama kanzu au mkufu. Wengi walizipunguza nywele zao au kuzinyoa kabisa, kisha wakavaa wigi wanapotoka. Nchi yenyewe ni ya joto, nao chawa hawakuwa haba. Wataalamu wamewapata wadudu hao katika vitana na nywele za watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita. Makuhani ndio waliozidi. Mwandishi Mgiriki Herodotus alieleza kwamba walijinyoa mwili mzima kila siku ya tatu ili wasiingie hekaluni na uchafu. Watoto nao walinyolewa, wakaachiwa shungi moja tu upande mmoja wa kichwa. Wazee wetu wa Pwani waliowanyoa watoto denge hawawezi kulishangaa jambo hilo.

Wigi moja la aina hiyo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza jijini London. Lilipatikana Thebes, mji ambao leo tunaujua kama Luxor. Walioichunguza kazi hiyo waligundua kuwa ni ya nywele za binadamu, zilizofungwa katika vishungi vipatavyo 300, kila kimoja kikiwa na nywele kama 400. Vishungi vilipakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa miti ili visifumuke. Juu limefanywa mawimbi na vipindo, na chini yake misuko myembamba. Kwa kuwa nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 60 na zaidi, jua la Misri halikuweza kuiharibu kazi hiyo. Leo msusi wako huchovya ncha za rasta katika maji moto ili zisifumuke. Shida ni ile ile, dawa ndiyo iliyobadilika.

Wigi jingine lilikuwa la bibi aitwaye Merit, mke wa Kha, msimamizi wa mafundi waliochonga makaburi ya wafalme. Kaburi la mume na mke huyo lilifunguliwa na Mtaliano Ernesto Schiaparelli mwaka wa 1906, likiwa halijaguswa na wezi kwa miaka kama 3,400. Ndani yake vilikuwamo vitanda, mikate, nguo na vipodozi. Na humo mlikuwa na sanduku refu la mbao, kazi yake ikiwa moja tu, kulitunza wigi la Merit. Leo sanduku hilo na wigi lake vimo Turin, Italia.

Hebu lifikirie sanduku hilo, msomaji. Wigi lilivaliwa, likavuliwa, likarudishwa mahali pake. Kichwa kikapata hewa. Linganisha na wigi za siku hizi zinazobandikwa kwa gundi kwenye paji la uso, zikakaa wiki mbili au tatu bila kubanduliwa, na zikibanduliwa zinaondoka na vinyweleo.

Rasta za kuongezea si jambo la jana

Wako wazee wanaokasirika wakiona msichana ameongezea nywele. Kwao huo ni uzungu, ni kuikana asili. Huenda wangepunguza ukali lau wangejua yaliyopatikana kwenye mchanga wa Misri.

Mahali paitwapo Hierakonpolis, kusini mwa nchi hiyo, palifukuliwa kaburi la mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 40 na kitu au 50 hivi. Alizikwa yapata mwaka wa 3400 kabla ya Kristo, karne nyingi kabla ya piramidi ya kwanza kujengwa. Mama huyo alikuwa ameongezewa nywele. Zaidi ya hayo, mvi zake zilikuwa zimetiwa hina zikawa na rangi ya kahawia nyekundu. Hakuwa malkia. Alizikwa katika makaburi ya watu wa kawaida, na hata hivyo kuna mtu aliyeketi naye kwa saa nyingi akamtengeneza nywele.

Katika mji wa Amarna, uliojengwa na Farao Akhenaten, mumewe Nefertiti, wachimbaji walizichunguza fuvu 100 za watu wa kawaida. Fuvu 28 zilikuwa bado na nywele. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2014 na mtaalamu Jolanda Bos yalionyesha kwamba mwanamke mmoja alikuwa na nyongeza za nywele zipatazo 70, zimefungiwa katika tabaka mbalimbali za kichwa chake. Misuko mifupi mifupi ilipendwa sana mjini humo. Nywele zenyewe hazikuwa za aina moja. Zilikuwapo nyeusi za kujisokota na zilikuwapo za kahawia za singa.

Hatusemi hapa kwamba bibi zetu walifundishwa kusuka na Wamisri. Ususi una mizizi mirefu kote Afrika, na kila jamii ina wake. Tunachosema ni kwamba anayeongezea rasta leo hajaiga Ulaya. Amefanya jambo ambalo katika bara hili lina umri wa zaidi ya miaka 5,000.

Kipilipili katika jumba la mfalme

Kuna kisa kingine ambacho wasichana wetu wangefaa kusimuliwa, hasa wale waliofundishwa kuzionea haya nywele zao za kipilipili.

Enzi hiyo hiyo ya Akhenaten, wanawake wa jumba la mfalme walianza kuvaa wigi fupi la vipindo vilivyobana, limekatwa tabaka kwa tabaka, likiwa fupi kisogoni na refu kiasi mashavuni. Nefertiti alichorwa akiwa nalo. Wataalamu huliita wigi la Kinubi. Wanadhani lilitokana na nywele za wanajeshi kutoka Nubia, nchi iliyo kusini mwa Misri, ambayo leo iko kati ya Misri na Sudan.

Nubia ilikuwa jirani, mara adui, mara koloni. Hata hivyo nywele za watu wake ziliwavutia wake wa Farao wakaziiga. Kwa hivyo binti akitaka mtindo wa Nefertiti usio na shaka, si lazima anunue nywele za singa kutoka ng'ambo. Nywele zake mwenyewe za kipilipili, zikikatwa vizuri na kuachwa zijipinde zipendavyo, zitamfikisha huko kwa gharama ndogo.

Mashabiki wa muziki wa enzi ile watakumbuka kwamba mwaka wa 1992 Michael Jackson alitoa video ya wimbo wake Remember the Time, iliyoigizwa katika jumba la Farao. Malkia ndani ya video hiyo alikuwa Iman, mzaliwa wa Somalia. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi pale mpiga picha Peter Beard alipomwona mwaka wa 1975 na kumfungulia njia ya umaarufu. Kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki, kumwona dada wa upande huu akiketi kwenye kiti cha malkia wa Misri lilikuwa jambo la kujivunia.

Mbarika, hina na mafuta ya mamba

Jungu kuu halikosi ukoko. Misri ya kale ilituachia pia maandishi ya tiba. Kitabu kimoja cha mafunjo kiitwacho Ebers, kilichoandikwa yapata mwaka wa 1550 kabla ya Kristo, kina dawa za upaa na mvi. Mgonjwa wa upaa aliambiwa apakwe mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi wa mwitu. Usijisumbue kutafuta, kwani Idara ya Wanyamapori itakushika kabla ya nywele kuota!

Lakini kitabu hicho kinataja pia mbarika, ambao wengine huuita mbono au mnyonyo, kuwa mti wa kukuza nywele za mwanamke. Mafuta yake yanauzwa hadi leo katika maduka yetu. Je, hukuza nywele kweli? Hakuna utafiti thabiti uliolithibitisha hilo. Yanachofanya ni kulainisha nywele kavu na kuzipunguzia kukatika, na hilo pekee ni jema. Tahadhari moja: nunua mafuta yaliyokwisha kutengenezwa. Usitwange mbegu mbichi nyumbani, kwani zina sumu kali inayoweza kumwua mtoto.

Mwaka wa 2011 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba wamechunguza nywele za maiti 18 zilizokauka, nyingi zikiwa zimetoka katika makaburi ya jangwani. Tisa zilikuwa zimepakwa mafuta mazito ili nywele zikae zilivyopangwa. Waliopakwa walikuwa wanaume na wanawake. Kumbe mafuta ya kulazia nywele, ambayo vijana wetu hununua kwenye vikopo, si uvumbuzi mpya.

Na hina? Hii haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Mombasa au Lamu. Mmea ule ule uliompaka mama wa Hierakonpolis ndio unaompamba bibi arusi wa Pwani. Majani yake hutoa rangi nyekundu au kahawia. Hayatoi weusi. Ukiona hina nyeusi, ujue kwamba imetiwa kitu kingine. Mara nyingi kitu hicho ni piko, rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Kwa watu wengine kemikali hiyo huwasha, huvimbisha uso na kutoa malengelenge, na ikishamdhuru mtu mara moja, mwili wake huweza kuikataa maisha. Anayetaka kutia rangi nywele na ajaribu tone nyuma ya sikio kwanza, angoje siku mbili.

Dhahabu kwenye misuko

Vile vishanga na pete za dhahabu vinavyoning'inizwa kwenye rasta, navyo vina asili. Mwaka wa 1914, huko Lahun, wachimbaji walipata hazina ya binti mfalme aitwaye Sithathoriunet aliyeishi karibu miaka 3,900 iliyopita. Wigi lake lilikuwa limeoza likaisha, lakini vibomba vidogo vidogo vya dhahabu vilivyokuwa vikipitishwa katika vishungi vyake vilibaki. Tunajua basi kwamba kila alipogeuza kichwa, kilimetameta.

Kumbuka tu kwamba dhahabu hiyo ilikuwa kwenye wigi. Uzito wake ulibebwa na kichwa kizima. Ukivifunga vishanga vizito kwenye rasta zilizoshikiliwa na nywele chache za panjani, uzito wote unavuta hapo. Na hapo ndipo hatari ilipo.

Panja likishakwenda halirudi

Madaktari wa ngozi wanaujua vizuri ugonjwa wa kunyonyoka nywele kwa sababu ya kuvutwa. Utafiti uliofanywa Cape Town, Afrika Kusini, chini ya Profesa Nonhlanhla Khumalo na kuchapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba karibu thuluthi moja ya wanawake Waafrika waliochunguzwa walikuwa nao. Hata wasichana wa shule hawakusalimika. Hatari ilizidi kwa waliosukia rasta juu ya nywele zilizonyoshwa kwa dawa.

Ugonjwa huu huanza polepole. Kwanza kichwa kinauma usiku wa kwanza baada ya kusukwa, hadi mtu anameza dawa ya maumivu. Kisha vipele vidogo vyeupe hutokea penye shina la rasta. Baadaye nywele za panjani na za juu ya masikio hukatika na kupungua. Ukiacha mapema, huota tena. Ukiendelea mwaka baada ya mwaka, vinyweleo hufa, ngozi ikawa laini kama kiganja, na hakuna mafuta ya mbarika wala ya mamba yatakayozirudisha. Wengi hapo huongeza rasta nyingine ili kufunika pengo, na pengo likazidi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Basi ukienda kwa msusi kutaka mtindo wa Kimisri, au mwingine wowote, yakumbuke haya.

Kwanza, maumivu si sehemu ya urembo. Ukiona huwezi kuinua nyusi wala kukunja paji la uso, mwambie msusi alegeze papo hapo. Usiogope kwamba utaonekana mjeuri. Kichwa ni chako.

Pili, mwombe aache nywele za pembeni bila kusuka, au azisukie rasta nene kidogo zisizo na nyongeza nzito. Bibi Nofret aliziacha nywele zake za mbele zipumue, na hakupungukiwa na chochote.

Tatu, usisuke rasta juu ya nywele ulizozitia dawa ya kunyosha siku chache zilizopita.

Nne, rasta zisikae zaidi ya miezi miwili au mitatu. Ukizifumua, kipe kichwa mapumziko ya wiki kadhaa kabla ya kusuka tena.

Tano, wigi livuliwe kabla ya kulala. Kama huwezi kulivua, basi si wigi tena bali ni mzigo.

Sita, mtoto mdogo asifanywe mwanasesere. Matuta machache yaliyolegea yanamtosha. Ukali wa rasta nyembamba na vishanga vizito mwache aukute akiwa mkubwa, akiwa na uwezo wa kusema hapana.

Jina la msusi

Limebaki neno moja, nalo ni la wale wanaosimama kutwa nzima nyuma ya vichwa vya watu, vidole vikiwauma na migongo ikiwakata. Mara ngapi umesukwa ukaondoka bila kujua jina la aliyekusuka?

Kwenye jeneza la mawe la Kawit, mmoja wa wake wa Farao Mentuhotep wa Pili, kuna mchoro wa miaka kama 4,000. Kawit ameketi, mkono mmoja una kioo na mwingine una bakuli la kinywaji. Nyuma yake amesimama msusi, vidole vyake vimeshika shungi moja kwa uangalifu mkubwa. Ni picha ambayo mteja yeyote wa Soko la Kenyatta angeitambua, pengine akiongezea soda na chipsi.

Mke mwingine wa farao huyo huyo, Malkia Neferu, naye alichorwa akitengenezwa nywele. Kipande cha ukuta wa kaburi lake kimo katika makumbusho ya Brooklyn, New York. Juu ya msusi wake pameandikwa jina, naye aliitwa Henut.

Malkia huyo alikuwa na watumishi, askari na mafundi wasio na idadi, na wengi wao hatutawajua kamwe. Lakini msusi wake aliandikwa jina ukutani, na leo, miaka 4,000 baadaye, tunaweza kulisoma. Wamisri walijua kwamba anayeshika kichwa cha mtu ameshika heshima yake.

Kwa hivyo dada, ukitaka kuwafuata wanawake wa Misri ya kale, anzia hapo. Mchague msusi mwenye mkono mwepesi, mlipe haki yake bila kumkopa, msikilize akikuambia nywele zako zimechoka. Na usiondoke kabla hujamwuliza jina.